Jitu la Mama Halijapanda

Wenzangu shuleni wakiniuliza Jumapili huwa naenda wapi baada ya ibada, nawajibu naenda Makutupora kwa mama, na hapo wanaridhika. Siongezi neno. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Wanafunzi wa kidato cha nne wakisikia viatu vyangu koridoni wanakaa kimya. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama katika chumba cha walimu akasema kwamba kila Jumapili anapanda basi na mfuko wa madadu kwenda kumsimulia mama yake habari za jitu. Wangeniombea.

Lakini ndivyo ilivyo, na nataka niieleze sawasawa, kwa sababu nikiieleza juujuu inaonekana kama mambo ya kitoto, na mimi sipendi kuchekwa kwa jambo ambalo mtu hajalielewa.

Mchezo aliuleta mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipokuwa anasoma chuo hapa hapa Dodoma. Wenzake wa bwenini ndio waliomfundisha. Likizo moja akaja nyumbani na sheria zote kwenye simu, kwa Kiingereza kigumu, pamoja na madadu ya ajabu yenye pande nyingi, mojawapo lina pande ishirini. Alitueleza hivi: mnakaa mezani, mmoja wenu anakuwa msimuliaji. Msimuliaji anasema mko wapi, mbele yenu kuna nini, nani kajitokeza. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema huyo mtu wake anafanya nini. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, likikukubali umefaulu, likikukataa shauri yako. Kila mkicheza mnapata uzoefu, na uzoefu ukijaa, mtu wako anapanda ngazi na kuwa hodari zaidi. Hakuna ubao wala kete. Ni mdomo na dadu tu.

Wakasema mimi niwe msimuliaji kwa sababu nina mdomo. Kaka yangu ndiye aliyesema hivyo, na sikumjibu, kwa vile ni mkubwa wangu na ni kweli.

Kaka ni fundi umeme. Wakati huo alikuwa anafunga nyaya katika majengo mapya ya mjini, kazi zimejaa, na Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika. Kwa hiyo tulikuwa watatu: kaka, mdogo wangu, na mimi, barazani kwa mama, tumezungukia meza ile ya plastiki ambayo mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali. Mama alikuwa kando anachambua mlenda kwenye ungo, hana habari na sisi. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Siku ya pili ya mchezo nilikuwa nimewaweka mbele ya daraja lenye mlinzi mkorofi. Kaka anataka kumhonga, mdogo wangu anataka kumwimbia. Wanabishana. Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Mto wenyewe una maji?"

Nikamwambia hauna, ni kiangazi.

"Basi hilo daraja la nini? Piteni chini mwende zenu."

Alikuwa amesema kweli, na mimi msimuliaji sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nikamwambia, "Mama, wewe huchezi."

Akaweka ungo chini. "Basi nipeni mtu wangu nicheze."

Mdogo wangu akafurahi mno, akaanza kumsomea aina za watu anaoweza kuchagua. Kuna binadamu wa kawaida. Kuna watu wa mapangoni wanaoona gizani. Kuna jini. Kuna jitu. Mama akauliza jitu lina nini. Akaambiwa lina nguvu tu, mama, nguvu nyingi sana, tangu siku ya kwanza.

"Hilo hilo," mama akasema. "Nimechoka kuwa mdogo."

Hapo nilipaswa kumweleza sheria, na nilimweleza, kwa sababu mimi ni mkali wa sheria na siombi radhi kwa hilo. Binadamu anaanza ngazi ya kwanza, dhaifu, hata mbuzi anaweza kumwangusha. Jitu linazaliwa na nguvu za mtu wa ngazi ya tano. Sasa ukiliacha lipande pamoja na wengine, halitashikika, wenzake watakuwa wanalibebea mizigo tu. Kwa hiyo sheria inasema jitu linakaa pale pale lilipo. Uzoefu linapata, lakini hauhesabiwi kwanza. Wenzake wanapanda taratibu, na yule aliye nyuma kuliko wote anaongezewa fungu la uzoefu ili asizidi kuachwa. Siku mtu wa mwisho anapofika ngazi ya tano, wote wako sawa na jitu, na ndipo jitu nalo linaruhusiwa kuanza kupanda.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo mimi nakaa?"

"Unakaa."

"Nawangoja hawa."

"Ndiyo, mama."

"Hawa wanangu." Akawatazama, kaka na ndevu zake, mdogo wangu na simu yake. "Nimewangoja mmalize shule, mmoja baada ya mwingine, choo cha ndani nimekijenga juzi. Leo tena mnaniambia ningoje?"

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, ingawa ilinichoma kidogo, maana ni kweli tupu. Baba alifariki kitinda mimba akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama alianza kwa vibarua vya kupogolea zabibu katika mashamba ya watu, mkasi mkononi tangu alfajiri mpaka vidole vinakufa ganzi, na baada ya miaka mingi ndiyo akapata kipande chake mwenyewe, hicho cha mizabibu kilicho mbele ya nyumba. Kila kitu chake kilikuwa kinangoja kitu chetu. Nguo yake ya kitenge ilingoja sare zetu. Bati lake lilingoja ada ya kaka, halafu yangu, halafu ya mdogo wangu. Sikuwahi kumsikia akilalamika, ila alikuwa na namna ya kusema "tutaona baadaye" ambayo mpaka leo nikiisikia kwa mtu mwingine yeyote nakosa raha.

Nilimwambia anaweza kuchagua binadamu kama hataki kungoja. Alikataa. "Acha," akasema. "Kungoja nakujua."

Basi tukawa wanne. Uzoefu tulikuwa tunauhesabu kwa karanga, kila mtu na kikombe chake, mpaka tulipogundua kwamba kaka anakula. Anasimuliwa hatari kubwa imemkabili, mkono unakwenda kikombeni wenyewe. Alikuwa amekula uzoefu wake wote na ameanza wa mdogo wangu. Nilimshusha ngazi. Alinuna kweli kweli, mtu mzima mwenye mke, akasema mimi nina roho ya mwalimu. Tukahamia punje za mahindi makavu ambazo hakuna anayeweza kuzitafuna, na amani ikarudi.

Mama naye alikuwa na mambo yake. Kabla ya kurusha dadu alikuwa analifumba katika viganja na kuomba, midomo inacheza, macho yamefungwa. Nikamwambia kuomba hakumo katika sheria. Akaniuliza kama imeandikwa kwamba ni marufuku. Mdogo wangu akapekua simu, akasema haijaandikwa. Mama akaendelea kuomba, na dadu lilikuwa linamkubali kuliko ilivyo haki, jambo ambalo kwa hesabu zangu sina maelezo yake.

Tuligombana sana siku moja tu, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kuwekewa. Kaka hakuja, alikuwa na kazi ya dharura mjini. Tulicheza bila yeye, na mwishoni nilipogawa uzoefu nikawapa waliokuwepo. Mama akakivuta kikombe cha kaka katikati ya meza.

"Na huyu?"

"Hakuwepo."

"Najua hakuwepo. Nauliza fungu lake liko wapi."

Nikamweleza kwamba uzoefu ni wa aliyekuwepo, ndiyo maana unaitwa uzoefu, mtu hawezi kupata uzoefu wa jambo ambalo hakulifanya. Niliona nimesema sawasawa kabisa. Mama akaelekeza kidole jikoni. Pale juu ya kabati kulikuwa na sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, ugali na mboga za kaka, kama yalivyokuwa maisha yetu yote. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kukosa chakula kwa sababu amechelewa. Hata ukirudi kesho yake, unakuta umewekewa, na usipokula unaulizwa ulikula kwa nani.

"Hapa kwangu asiyekuwepo anawekewa," mama akasema. "Huko kwenye simu yenu sijui wanaishije."

Nilibishana naye. Nilimwambia sheria ya kumwongezea aliye nyuma inatosha kabisa, kaka akija atawafikia wenzake bila shida. Nilipandisha sauti, na mdogo wangu akaniambia taratibu, dada, mwekee bwana, yaishe. Nikaweka punje za kaka kikombeni mwake kwa hasira mpaka nyingine zikaruka chini. Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria yetu: asiyekuwepo anawekewa, na kama ndiye wa nyuma, anawekewa na ile nyongeza. Hakuna kati yetu aliyekaa akafikiria sheria hiyo itatupeleka wapi. Hata mimi wa hisabati.

Nchi niliyokuwa nawasimulia ilikuwa kavu, maana ndiyo ninayoijua. Mawe makubwa, miiba, vumbi jekundu. Ilikuwa na chemchemi moja kubwa juu ya milima, na jabali lilikuwa limeporomoka likaziba mlango wake, ndiyo maana watu wa chini wote walikuwa na kiu. Nililitunga jabali hilo kwa ajili ya mama. Nilisema hakuna mtu wala mnyama anayeweza kulisogeza, ila jitu likipanda ngazi moja tu juu ya hapo lilipozaliwa, litaweza. Siku niliyolisimulia kwa mara ya kwanza, mama alisimama kabisa kutoka kwenye kiti chake akasema jitu linasukuma. Nikamwambia halina nguvu za kutosha, bado. Akakaa.

"Bado sana?"

"Inategemea hawa."

Akawageukia. "Basi nyie changamkeni. Nataka nilisukume hilo jiwe kabla sijafa."

Kila mara tukicheza ilikuwa lazima aulize kama bado sana. Aliuliza akiwa anatutilia chai, aliuliza nikiwa nimeshavaa viatu naondoka. Nilimfahamu mama yangu kama mtu asiyetaka kitu. Ukimletea zawadi anaikunja anaiweka sandukuni, ya mgeni. Lakini jiwe lile alilitaka waziwazi, bila aibu, na mimi nilikuwa nafurahi kumwona anataka kitu namna ile hata nikamwekea vipingamizi vidogo njiani ili atake zaidi.

Zile Jumapili nazikumbuka mpaka nakasirika. Nakumbuka mwezi wa saba, upepo wa Makutupora unaingia mpaka kwenye mifupa, tumejifunika mashuka barazani kwa sababu mama hataki tucheze ndani, anasema ndani hasikii vizuri. Mizabibu imepogolewa, imebaki vijiti kwenye nyaya, unaona mpaka barabarani. Kaka anafanya sauti ya mzee wa mapangoni anayeuza dawa. Mdogo wangu analia kwa kucheka, kichwa chake kiko begani kwa mama. Chai imepoa na hakuna anayejali. Nilikuwa nikitazama saa nikiwaza nitakosa basi, madaftari ya wanafunzi yananisubiri, na hakuna aliyeniambia kaa, hii haitarudi. Ningeambiwa pia nisingesikia.

Kaka ndiye aliyeondoka kwanza. Alipata kazi ya reli, wakampeleka upande wa Mwanza, akahamisha na familia. Alikuwa ngazi ya tatu. Mdogo wangu alimaliza chuo, akakaa nyumbani kidogo, tukacheza watatu, halafu akapata kazi ya famasia Songea. Yeye alikuwa ngazi ya nne. Mama aliwasindikiza wote wawili kituoni kwa utulivu, akawapa zabibu kavu na karanga za njiani, na wote wawili aliwaambia maneno yale yale, kwamba vikombe vyao vipo.

Tulijaribu kwa simu. Niliiegemeza simu kwenye birika la chai, kaka upande mmoja, mdogo wangu upande mwingine, sauti zinakatika. Kaka alikuwa anarusha dadu lake huko huko na kututajia namba, na kila akirusha ni ishirini, au kumi na tisa akitaka tumwamini. Mama akasema dadu la Mwanza lina upendeleo. Tulicheka. Lakini mtandao ulikuwa unakata kila ninapofika pazuri, nabaki nasimulia joka linavyoibuka kwa watu ambao nyuso zao zimeganda. Halafu kaka akawa na zamu za Jumapili. Halafu mdogo wangu akapata mchumba, na Jumapili za mtu mwenye mchumba zinajulikana. Simu ikawa ya salamu tu.

Tukabaki mimi na mama. Katika hadithi nilisema wenzake wamepiga kambi chini ya lile jabali, wanalilinda, na jitu linazunguka nchini likifanya kazi ndogo ndogo: kumtoa ng'ombe kwenye korongo, kupatanisha vijiji viwili vinavyogombea kisima. Mama alizipenda kazi hizo. Tulipomaliza alikuwa anavivuta vile vikombe viwili katikati ya meza, nami nagawa. Fungu la mama, ambalo bado halihesabiwi. Fungu la mdogo wangu. Fungu la kaka na ile nyongeza yake ya aliye nyuma.

Nitasema ukweli, nilikuwa nachoka. Wiki nzima nasimama darasani, Jumamosi nasahihisha, Jumapili naamka nawahi ibada ya kwanza nipate basi. Nilikuwa nimeshamwambia mama, si kwa ubaya, wakati ule tunapanga mambo ya hadithi: jiwe likishaondoka maji yatashuka, watu watakunywa, na sisi tutakuwa tumemaliza. Nilidhani nampa hamu. Alisema tu, "Aha."

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa katika msimu wa kuvuna zabibu. Kaka alikuwa ameahidi kuja na familia, akasema safari hii lazima, na mdogo wangu naye akaomba ruhusa kazini ili wakutane. Mama alichinja kuku wawili. Alitandika vitanda vyote. Kisha kaka akapiga simu kwamba ruhusa imefutwa, kuna hitilafu huko kwenye njia, na mdogo wangu aliposikia kaka haji akasema basi naye atakuja mwisho wa mwaka, nauli ya Songea si mchezo. Nilifika nikamkuta mama amekaa barazani, mikono mapajani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akauliza kama nimekula. Tukala wawili kwenye meza ya watu kumi.

Alitaka tucheze. Nikacheza naye, nikampa kazi rahisi, kumvusha mwanamke mjamzito mlimani. Alirusha vizuri. Tukafika kwenye kugawa, nikamwaga punje za kaka mezani nizihesabu. Nikarudia kuhesabu. Kikombe cha kaka kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kimejaa kwa kuwekewa Jumapili baada ya Jumapili, na ile nyongeza juu yake. Mdogo wangu alikuwa ameshafika zamani. Kaka alikuwa wa mwisho, na sasa kaka naye yuko ngazi ya tano. Jitu la mama limeruhusiwa, na uzoefu wake wote uliokuwa umekaa miaka hiyo unahesabika. Nilifurahi kama mtoto. Kuku walikuwa bado wako mezani, siku ilikuwa imeharibika, na mimi nina kitu cha kumpa.

"Mama," nikamwambia, "wamefika."

Aligeuka kutazama barabarani. Aligeuka haraka hata kiti kikalia. Nilitamani nimeze maneno yangu, nikasema hapana, hapana, kwenye mchezo mama, wamefika ngazi ya tano, wote wawili. Jitu lako linapanda leo.

Akanigeukia taratibu. Akavitazama vile vikombe.

"Wamefika wapi?" akauliza. "Mimi siwaoni hapa."

"Kwa sheria wamefika. Si wewe uliyesema wawekewe?"

"Nilisema wawekewe wakija wakute."

Nikaanza kumweleza, na nilikuwa naanza kukasirika, kwa sababu nimezungukwa na mambo ambayo siwezi kuyarekebisha na hili moja lilikuwa limekwenda sawa. Nikamwambia amengoja miaka yote hii. Nikamwambia jiwe liko mbele yake, wenzake wamesimama nyuma yake, na nguvu anazo, hata dadu sihitaji. Aseme tu anasukuma. Nikaanza hata kusimulia, jua linavyochomoza juu ya milima, watu wa chini wanavyotoka na ndoo zao. Nilikuwa nasimulia vizuri sana. Mama aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, nikaacha kusimulia.

"Nikilisukuma leo," akasema, "Jumapili ijayo utakuja kufanya nini?"

Nilifungua mdomo kumwambia nitakuja tu, wewe ni mama yangu, nitakosaje kuja. Kaka naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Mdogo wangu naye. Mama alikuwa ananitazama bila kunilaumu, anangoja jibu, na nilimwona ni mdogo kwenye kile kiti, mdogo kuliko nilivyokuwa nafikiri.

Nikazivuta zile punje za kaka, nikazihesabu tena mbele yake, kwa sauti, polepole, na safari hii nikaruka punje kadhaa makusudi.

"Nimekosea, mama," nikasema. "Bado."

"Bado sana?"

"Bado sana."

Akashusha pumzi, akakifunika kikombe cha kaka kwa kisosi, akaniambia Jumapili nije mapema.